Reli Zinazonguruma

Mwanzoni mwa mwaka 1857, katika stesheni ya Derby nchini Uingereza, mafundi wa kampuni ya reli ya Midland waling'oa reli ya chuma cha kufuliwa na kuweka mahali pake reli ya chuma cha pua iliyotoka kwa Robert Mushet. Mahali penyewe palikuwa pabaya. Treni zipatazo 700 zilipita hapo kila siku, na reli za awali zilihimili miezi 6, pengine 3 tu, kabla ya kubadilishwa. Ile ya Mushet ilikaa mpaka mwaka 1873. Miaka 16 dhidi ya miezi 6: ushahidi wa namna hiyo hauhitaji wakili. Wahandisi wa reli wakatoka Derby na imani kwamba kulika kwa reli ni suala la aina ya chuma, na kwamba chuma kikiwa kigumu zaidi njia itaishi zaidi. Imani hiyo ilijenga njia kuu za dunia nzima, na sehemu kubwa yake ni kweli hata leo. Lakini kabla karne ile haijaisha, reli za chuma kizuri, zilizotandikwa vizuri na kutunzwa vizuri, zilianza kufanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Treni ikipita juu yake, zilinguruma.

Ukiitazama kwa karibu reli ya namna hiyo, utaona juu ya kichwa chake vilima vinavyong'aa na mabonde yaliyofifia, vikipishana kwa umbali wa milimita 25 hadi 80 hivi, mita baada ya mita. Kina chake ni kidogo mno. Sehemu chache za mia za milimita zinatosha kuifanya treni ipige kelele. Gurudumu likipita hapo hutikiswa juu na chini mamia ya mara kwa sekunde, na kila mshindo hushuka kwenye vifungio, kwenye mataruma na kwenye kokoto. Vifungio hulegea, zege la mataruma huingia nyufa, kokoto husagika, na wakazi wa kando ya njia hukosa usingizi. Msomaji aliyesafiri kwa basi katika barabara ya changarawe analijua jambo hili kwa sura nyingine. Greda likipita leo, baada ya majuma machache barabara imejaa makunyanzi, wala hakuna aliyeyachora. Tairi liliruka kidogo kwenye kijiwe, likatua, likausukuma mchanga pale lilipotua. Tairi lililofuata likakuta kilima kimeshaanza, likaruka zaidi, likatua palepale. Makunyanzi ya reli yana undugu na hayo. Tofauti ni kwamba mchanga husukumwa ilhali chuma huliwa, na kwamba mwenye barabara ya mchanga hashangai, lakini mwenye reli ya chuma cha pua alishangaa sana.

Kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 makunyanzi yalikuwa yamekuwa ugomvi kati ya wenye tramu, wenye reli na wenye viwanda. Wenye njia walivilaumu viwanda vya chuma: mashine za kuviringisha reli, walisema, huacha dosari isiyoonekana ambayo hujitokeza baadaye kwa umbo la mawimbi. Wenye viwanda waliyalaumu magari, magurudumu yake na breki zake. Wengine walimlaumu aliyetandika njia. Ugomvi ulidumu kwa sababu kila upande uliweza kuleta ushahidi: huyu alionyesha reli za kiwanda fulani zikinguruma, na mwenzake akaonyesha reli za kiwanda hichohicho zimetulia kimya katika mji mwingine. Walikuwa wakimtafuta mkosaji mmoja. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba mkosaji huyo hakuwapo. Kilichokuwa kikizila reli kilikuwa kufanana: mataruma yaliyopangwa kwa nafasi ileile, magurudumu yaliyochongwa kwa umbo lilelile, treni zinazopita kwa mwendo uleule. Reli imeutafuta usawa tangu siku zake za kwanza kama sifa yake kuu kuliko zote, na maradhi yake yalikuwa yamekaa ndani ya sifa hiyo. Hisabati ndiyo iliyolifichua hilo, na ilichelewa karibu miaka mia moja.

Ilichelewa kwa sababu ilianza na vitu vilivyosimama. Mwaka 1867 Emil Winkler, aliyekuwa akifundisha Prague, aliichukulia reli kuwa boriti ndefu iliyolazwa juu ya msingi unaobonyea kama safu ya springi, akaonyesha namna ya kukokotoa jinsi inavyopinda chini ya mzigo. Mwaka 1888 Mjerumani Hermann Zimmermann aliigeuza fikra hiyo kuwa kitabu cha hesabu za njia ya reli, na wahandisi wakaweza kupima unene wa reli na nafasi ya mataruma kwa kalamu badala ya mazoea. Kati yao wawili aliingia mtu ambaye hakuwa akifikiria reli hata kidogo. Heinrich Hertz, akiwa na miaka 23, alikuwa akichunguza mjini Berlin jinsi lenzi za kioo zinavyobonyea zikigandamizwa pamoja, na mwaka 1881 alitoa hesabu ya ukubwa wa eneo la mguso kati ya vitu viwili vilivyopinda. Hesabu hiyo ya vioo ndiyo inayotuambia mpaka leo kwamba gurudumu linalobeba tani 10 hukutana na reli kwenye eneo la kama sentimita moja tu ya mraba. Uzito wote wa treni, abiria na shehena, hupita kwenye viraka vidogo vya namna hiyo, na mgandamizo wake hukaribia mpaka wa kile ambacho chuma kinaweza kustahimili bila kubonyea moja kwa moja. Hata hivyo Winkler, Zimmermann na Hertz walieleza jinsi reli inavyobeba, si jinsi inavyolika. Gurudumu lililosimama haliili reli.

Kinachokula ni mtelezo, na mtelezo huu ni kitu cha ajabu kidogo, kwani hutokea ndani ya kubingirika kwenyewe. Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester, aliona mwaka 1876 kwamba kitu kinachobingirika juu ya kitu laini hakisafiri umbali uleule ambao mzingo wake ungetabiri. Sehemu moja ya eneo la mguso hushika na nyingine huteleza. Miaka 50 baadaye, mwaka 1926, Frederick William Carter, mhandisi wa umeme katika kampuni ya British Thomson-Houston mjini Rugby, alilithibitisha hilo kwa gurudumu la kichwa cha treni. Gurudumu linalovuta, alionyesha Carter, haliwezi kuvuta bila kuteleza kidogo. Likienda mita 1,000, huenda limezunguka kana kwamba limekwenda 1,001. Ile mita moja haikupotea. Ilitumika kuisugua reli, milimita kwa milimita, ndani ya kile kiraka cha sentimita moja. Carter alihesabu kwa mwelekeo mmoja tu, mbele na nyuma. Ilibaki kazi ya kuhesabu mtelezo wa kila upande pamoja na ule wa kujizungusha palepale kwenye kona, na kazi hiyo ilifanywa na Mholanzi Joost Kalker katika tasnifu yake ya mwaka 1967 huko Delft. Programu zake za kompyuta, hasa ile fupi na ya haraka aliyoitoa mwaka 1982, ziliingia ndani ya karibu kila modeli ya mwendo wa treni iliyotungwa baadaye. Kalker si jina linalotajwa na abiria, lakini ni vigumu kupata treni ya kisasa ambayo mwenendo wake haukupimwa kwanza kwa hesabu zake.

Sasa vipande vilikuwa vimekamilika, na bado kila kimoja kilikaa peke yake. Kimoja kilieleza reli inavyopinda, kingine mguso, kingine mtelezo. Kulikuwa pia na kanuni ya kulika ambayo mtafiti Archard aliitoa Uingereza mwaka 1953, kwamba chuma kinachotoka hulingana na mzigo ukizidishwa kwa umbali wa kuteleza, kisha kugawanywa kwa ugumu wa chuma chenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti walianza kuvifunga vipande hivyo kwa duara. Duara lenyewe ni rahisi kulisema: uso wa reli usio laini kabisa hulitikisa gurudumu, mtikisiko huubadilisha mzigo na mtelezo, mzigo na mtelezo huamua chuma kiasi gani kitoke na kitoke wapi, chuma kikitoka, uso wa reli umebadilika, na gurudumu linalofuata linatikiswa kwa namna mpya. Mtetemo huenda kwa sehemu za elfu za sekunde, kulika huenda kwa miezi na miaka, na modeli lazima ishike kasi zote mbili. Swali lake la msingi ni kama duara hilo hutuliza au huchochea. Uso wa reli una mikwaruzo ya kila urefu. Je, kuna urefu fulani ambao kila gurudumu linalopita huuongeza badala ya kuufuta?

Jibu lilihitaji kwanza kuijua reli yenyewe inavyotetema. Mwaka 1982 Stuart Grassie, Kenneth Johnson na wenzao wa Cambridge walichapisha modeli ya njia ya reli chini ya mitetemo ya kasi, na humo ndimo hila ya mataruma inapoonekana wazi. Reli iliyofungwa kwenye mataruma yenye nafasi sawa ina mtetemo mmoja unaoipendeza kuliko mingine, ule ambao reli hubaki imetulia juu ya kila taruma na kuchezacheza katikati ya mataruma. Kwa reli ya njia kuu na mataruma yaliyoachana sentimita 60, mtetemo huo huja karibu mara 1,000 kwa sekunde. Treni ikienda kilometa 144 kwa saa, yaani mita 40 kwa sekunde, mtetemo wa mara 1,000 huacha alama yake kila baada ya milimita 40. Hiyo imo ndani ya ile milimita 25 hadi 80 iliyokuwa ikiwasumbua watu tangu karne ya 19. Kikundi cha Klaus Knothe mjini Berlin kiliendelea kulichimba jambo hili katika miaka ya 1990, kikiunganisha mtetemo, mtelezo na kulika katika modeli moja inayoweza kutabiri mawimbi yatakayokua na yatakayokufa. Mataruma yakipangwa ovyo reli haiwezi kukubaliana juu ya mtetemo mmoja. Yakipangwa sawasawa, kama kila msimamizi wa kazi anavyodai, njia nzima huitikia mlio uleule.

Vancouver nchini Kanada ilitoa ushahidi ambao ungelazimika kubuniwa kama usingetokea. Njia ya SkyTrain ilianza kubeba abiria mwaka 1986, ikiwa ya kisasa kwa kila kipimo cha wakati wake. Treni hazikuwa na dereva. Kompyuta iliziendesha, hivyo kila treni ilipita kila mahali kwa karibu mwendo uleule. Zote zilikuwa za aina moja. Ekseli zake zilijielekeza zenyewe kwenye kona, na magurudumu hayakuvuta, kwa kuwa injini zake za umeme zilisukuma dhidi ya bamba lililolazwa katikati ya njia. Kwa imani ya Derby reli hizi zilipaswa kudumu kama mlima: treni nyepesi, hakuna mvuto, kona laini. Makunyanzi yalikuja upesi. Joe Kalousek, mtafiti wa huko, akishirikiana na Johnson wa Cambridge, alieleza chanzo chake katika ripoti ya mwaka 1992. Magurudumu yote, kwa kupita mahali pamoja kwa namna moja, yalikuwa yamelika kwa umbo moja na kukumbatiana na kichwa cha reli kwa upana, na mguso wa namna hiyo hulea mtelezo mdogo usiokoma. Tiba waliyoifikia ndiyo inayonivutia zaidi. Pamoja na kupaka kitu cha kurekebisha msuguano, reli zilisagwa kwa maumbo mbalimbali katika sehemu mbalimbali za njia, ili gurudumu liguswe hapa leo na pale kesho lisipate kujichimbia mfereji mmoja. Walileta utofauti kwa makusudi katika mfumo uliojengwa kwa kuuondoa.

Atasimama mtu hapa na kusema: haya ni mambo ya sauti na tramu nyepesi, kwenye reli za kazi uzito ndio unaoua. Pingamizi hili lina nguvu, na historia ya Afrika Mashariki inaliunga mkono. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 kwa reli za ratili 50 kwa yadi, nyembamba mno kwa macho ya leo, na kwa miongo mingi swali kubwa la wahandisi wake lilikuwa namna ya kuvuta zaidi bila kuivunja njia. Ndiyo sababu ya zile Garratt, vichwa vya mvuke vyenye mwili wa kati uliobebwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma. Zile 34 za daraja la 59 zilizotoka kwa Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, zilikuwa na uzito wa tani 252, lakini tani hizo zilitawanywa juu ya ekseli 14. Hesabu ilikuwa ya Winkler na Zimmermann: gawa mzigo, reli itapinda kidogo. Na ilifanya kazi. Vichwa hivyo vilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi mpaka mwaka 1980.

Hata hivyo mahali ambapo uzito ulifikia kilele chake ndipo ulipoonyesha kwamba hauna la kusema juu ya umbo la uharibifu. Katika jimbo la Australia Magharibi, eneo la Pilbara, njia za madini ya chuma zilifunguliwa tangu mwaka 1966, na ekseli zake zilibeba kama tani 30. Reli zikapata makunyanzi, lakini marefu, ya milimita 200 hadi 300, na chuma hakikusuguliwa tu bali kilibonyea na kutiririka pembeni. Uzito ulieleza kwa nini chuma kilishindwa. Haukueleza kwa nini kilishindwa kila baada ya robo mita. Hilo lilielezwa na kazi iliyokuwa imefanywa Derby, mji uleule wa reli ya Mushet, ambako British Rail ilikuwa na maabara yake. Mwaka 1974 watafiti wa hapo walionyesha kwamba gurudumu linapogonga kiungo cha reli kilichozama huleta mapigo mawili: la kwanza kali na fupi sana, la pili la polepole, ambapo gurudumu na ekseli yake hudunda juu ya njia nzima, mara 50 hadi 100 kwa sekunde. Treni ya madini inayokwenda kilometa 65 kwa saa, yaani mita 18 kwa sekunde, ikidunda mara 72 kwa sekunde huacha alama kila baada ya sentimita 25. Na mabehewa ya madini ni yaleyale, mamia kwa mamia, yenye magurudumu yaleyale na mzigo uleule. Pilbara ilipata nafuu kwa chuma kigumu zaidi na kwa kusaga reli, kwa hiyo Mushet hakukosea. Lakini chuma kigumu kilipunguza tu kasi ya uharibifu ambao umbo lake lilikuwa limeamuliwa na mdundo. Mwaka 1993 Grassie na Kalousek waliandika makala iliyoyapanga makunyanzi yote kwa maswali mawili yaliyotenganishwa: nini kinachoamua urefu wa wimbi, na nini kinachoharibu chuma. Utenganisho huo mdogo uliumaliza ugomvi wa mwanzo wa karne, kwa sababu mwenye kiwanda na mwenye gari walikuwa wakijibu maswali mawili tofauti.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sidhani linajibika lote. Kama reli ina mlio wake wa mara 1,000 kwa sekunde, treni ya kilometa 80 kwa saa inapaswa kuacha mawimbi mafupi mara mbili kuliko treni ya kilometa 160. Ukienda kupima njiani, urefu wa mawimbi haubadiliki kwa kiasi hicho. Njia za mwendo mdogo na njia za mwendo mkubwa zinafanana kuliko hesabu inavyoruhusu. Tena njia za mchanganyiko, zinazopitisha mizigo ya polepole na abiria wa haraka, nazo hunguruma, ilhali kwa hoja yangu mchanganyiko huo ungepaswa kuziponya. Sehemu ya jibu iko kwenye kile kiraka cha Hertz. Mguso wenye urefu wa milimita 10 hadi 15 hauwezi kuhisi wimbi lililo fupi kama wenyewe. Hulipita na kulifuta. Kwa hiyo mawimbi mafupi sana hufa yenyewe, na mlango wa yale yanayoweza kukua ni mwembamba tangu mwanzo. Sehemu nyingine ni kwamba reli haina mlio mmoja tu. Treni ya polepole inaweza kuamsha mtetemo mwingine wa chini zaidi na kuangukia ndani ya mlango uleule. Majibu haya yananiridhisha nusu. Watafiti wa fani hii wamelijadili fumbo la makunyanzi mafupi kwa miongo mingi bila kuafikiana, na anayedai kwamba modeli imelimaliza anaisemea modeli maneno ambayo yenyewe haikuyasema. Hoja ya kufanana inabaki na nguvu kamili pale treni, mwendo na njia vyote ni vya namna moja. Kwenye njia za mchanganyiko inashika upande wa njia peke yake, yaani mataruma na reli.

Mhandisi wa matengenezo naye ana la kwake. Treni za kusaga reli zilikuwapo muda mrefu kabla Knothe hajaandika mlingano wake wa kwanza: mawe ya kusagia hushushwa juu ya reli, cheche huruka, vilima huondoka, kelele hukoma. Kama dawa ipo, modeli ni ya nini? Pingamizi hili lilikuwa na heshima yake mpaka tarehe 17 Oktoba 2000. Siku hiyo treni iliyotoka London kwenda Leeds kwa mwendo wa kilometa 185 kwa saa iliacha njia kwenye kona karibu na Hatfield, na watu wanne wakafa. Reli ya upande wa nje wa kona ilikuwa imevunjika vipande zaidi ya 300 katika urefu wa mita 35 hivi. Haikuwa imelika hata kukonda. Ilikuwa imejaa nyufa ndogondogo zilizoanzia kwenye kona ya juu ya kichwa chake, pale magurudumu yalipoisugua na kuikandamiza, zikaingia ndani na kukutana. Nyufa zilijulikana, na reli ya kubadilisha ilikuwa imekwisha kufikishwa mahali hapo bila kufungwa. Wiki zilizofuata nchi ilijaa amri za kupunguza mwendo, zaidi ya 1,000, na mwaka uliofuata kampuni ya Railtrack iliyomiliki njia ikawekwa chini ya msimamizi.

Hatfield ni mkasa wa usimamizi, na uchunguzi ulisema hivyo. Lakini kuna mkasa wa pili ndani yake, na huo unaigeuza imani ya Derby juu chini. Nyufa za uchovu huanza kwenye ngozi ya reli, zikiwa fupi sana. Reli inayolika haraka huziondoa kabla hazijakua, kwa kuwa ngozi yenyewe hutoka. Reli isiyolika huziacha zikae, na zikikaa huingia ndani. Miaka 140 ya juhudi ya kuizuia reli isilike, kwa chuma kigumu na kwa vilainishi kwenye kona, ilikuwa imefika mahali ambapo kulika kidogo kungekuwa kinga. Aliyejua kusaga ili kelele ikome hakujua asage kiasi gani ili ufa usikue. Macho na masikio hayawezi kumwambia. Modeli iliyotungwa Uingereza baada ya ajali hutumia zao la nguvu ya mtelezo na mtelezo wenyewe: likiwa dogo sana reli haidhuriki, likipanda, nyufa huanza, likipanda zaidi, kulika kunazipita nyufa na kuzifuta. Yaani kuna kiwango cha kati ambacho ndicho kibaya kuliko vyote, jambo ambalo hakuna fundi angeweza kulifikia kwa mazoea, maana mazoea husema madhara huongezeka kadiri msuguano unavyoongezeka. Nchini Uingereza jambo hili lilikuwa na sura ya kisheria pia. Tangu ubinafsishaji wa miaka ya 1990, reli ilikuwa mali ya kampuni moja na magurudumu mali ya kampuni nyingine. Kiraka cha sentimita moja ya mraba kilikuwa na wamiliki wawili, na hakuna aliyelipwa kukihesabu chote. Kampuni ya Network Rail ilipoichukua njia kutoka Railtrack mwaka 2002 ilirithi reli tu. Magurudumu yalibaki kwa wenyewe, na mazungumzo juu ya kiraka hicho yanafanyika mpaka sasa kwa njia ya ada ambayo kila aina ya behewa hutozwa kulingana na jinsi inavyoichakaza njia.

Afrika Mashariki imeingia katika historia hii upya kwa njia zake za kiwango cha kimataifa. Ile ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na treni za umeme za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza mwaka 2024. Tofauti na njia za zamani za geji ya mita, hizi zina mataruma ya zege yaliyopangwa kwa usawa wa kiwandani, na kila njia ina aina chache tu za treni. Kwa mtu anayelifuatilia fumbo la mwendo, jambo la kupendeza ni viwango vya mwendo vyenyewe. Nchini Kenya mizigo ilipangiwa kilometa 80 kwa saa na abiria 120, juu ya reli zilezile. Nchini Tanzania treni za abiria zilipangiwa kilometa 160. Tukichukua mtetemo wa mara 1,000 kwa sekunde, mwendo wa kwanza unatoa wimbi la milimita 22, fupi kiasi kwamba mguso wa gurudumu unaweza kulififisha, wa pili milimita 33 na wa tatu milimita 44. Makunyanzi yakitokea na kufuata namba hizo, wenye modeli ya mataruma watakuwa wamepata hoja. Yakitokea kwa urefu mmoja pande zote, fumbo litabaki palepale lilipo. Kupima hakuhitaji maabara ya Berlin wala ya Delft: tofauti ya milimita 33 na 44 inaonekana kwa rula ya mwanafunzi, mradi mkaguzi wa njia aandike tarehe, mahali, na treni gani hupita hapo kwa mwendo gani.